Habari za Watawa: Tangu Bonde la Engelberg Mpaka Peramiho

Mkristo wa Kilutheri akisikia neno "mtawa" hukumbuka kwanza habari za Martin Luther: jinsi alivyoingia nyumba ya watawa huko Erfurt mwaka 1505, jinsi alivyojitesa humo kwa saumu na kukesha asipate amani, na jinsi alivyoyavua mavazi yake ya kitawa, akamwoa Katharina von Bora mwaka 1525, naye Katharina alikuwa mtawa vilevile. Mtu aijuaye habari hiyo peke yake huweza kudhani kwamba utawa ni jambo lililokwisha kale, tena ni jambo la Ulaya tu. Sivyo hivyo. Katika nchi yetu ya Tanzania zimo nyumba kubwa za watawa, na matofali yao, vitabu vyao na dawa zao zimewafikia watu wengi wasiowajua. Kwa hiyo katika somo hili twataka kueleza asili yao, tukianza katika bonde moja la milima ya Alpi, tukaishia Ungoni. Hatutaficha mambo yaliyo machungu, maana historia inayofichwa haimfundishi mtu.

Kwanza na tujue kanuni yao ilitoka wapi. Benedikto alizaliwa Nursia katika Italia yapata mwaka 480. Siku zile dola ya Rumi ilikuwa imeanguka, majeshi ya wageni yalikuwa yakipita huku na huku, wala mkulima hakujua kama atavuna alichopanda. Benedikto aliacha masomo yake mjini Rumi, akakaa pangoni peke yake, kisha watu wakamfuata, na yapata mwaka 529 akajenga nyumba juu ya mlima uitwao Monte Cassino. Huko aliandika kanuni yenye sura 73. Si kitabu kikubwa, na sehemu kubwa yake ni mambo ya nyumbani: saa za kusali, saa za kazi, saa za kusoma, kiasi cha chakula, jinsi ya kumpokea mgeni, jinsi ya kumtunza mgonjwa, jinsi ya kuvitunza vyombo vya kazi visipotee. Mkubwa wa nyumba huitwa abate, neno litokalo katika "aba" la Kiaramu, maana yake baba. Na nyumba yenyewe huitwa abasia.

Mtawa wa Benedikto huahidi mambo matatu: kutii, kuugeuza mwenendo wake, na kukaa katika nyumba aliyoingia mpaka kufa. Ahadi hii ya tatu ni ngeni kwetu, nayo twaiona kuwa ndiyo kubwa katika kuzifahamu abasia. Mtu asiyehama hupanda miti ambayo hatakula matunda yake. Hujenga kwa mawe. Huchimba mfereji, na akifa, mwenzake huusafisha. Ndiyo sababu nyumba hizi ziliweza kudumu miaka mia nane, elfu, na zaidi, hali wafalme waliozilinda wamekwisha kusahauliwa.

Basi tuje kwenye bonde. Katika nchi ya Uswisi, kusini ya ziwa la Luzern, kuna bonde liitwalo Engelberg, yaani mlima wa malaika. Msomaji wa Korogwe akitaka kulifahamu na ainue macho yake kuelekea Usambara, afikiri habari za njia ya kupanda kutoka Mombo kwenda Soni: kuta za mawe huku na huku, maji yakishuka kwa kelele, kisha juu nchi ikafunguka, pakawa na malisho na mashamba. Engelberg ni kama mita 1,000 juu ya bahari, yaani chini ya Lushoto. Lakini milima iliyoizunguka ni mirefu mno, na ule uitwao Titlis wafika mita 3,238, nao hauachi barafu. Wakati wa baridi theluji huweza kufunga njia. Huko mwaka 1120 mkuu mmoja jina lake Konrad wa Sellenbüren alitoa mali yake ijengwe abasia ya Wabenediktini.

Nyumba ile haikukaa raha siku zote. Iliungua mara tatu, mwaka 1199, na 1306, na 1729, na kila mara ilijengwa tena. Sifa yake ya kwanza ilikuwa vitabu. Abate Frowin, aliyeongoza tangu 1143 hata 1178, aliweka watawa wa kunakili maandiko kwa mkono juu ya ngozi, na vitabu vingi vya siku zake vingaliko Engelberg hata leo. Na tukumbuke kwamba kunakili Biblia moja kuliweza kuchukua miezi na miezi, na ngozi zake ni za kundi zima la mifugo. Mwalimu wa leo anayelalamika kwamba vitabu vya kanisani havitoshi na afikiri jambo hili kidogo.

Lakini sifa ya pili ilikuwa ni utawala. Abate wa Engelberg hakuwa baba wa watawa wake tu, bali alikuwa bwana wa bonde zima. Ardhi ilikuwa yake, hukumu ilikuwa yake, na wachungaji wa ng'ombe waliokaa kule walimtolea kodi. Hali hiyo ilidumu karibu miaka 700, mpaka mwaka 1798, Wafaransa walipoingia Uswisi na kuiondoa serikali ya zamani. Abate akanyang'anywa utawala. Watu wengi walidhani kwamba sasa nyumba itakufa. Haikufa. Watawa waliendelea kusali na kufundisha, na katika miaka ya 1870 wakatuma wenzao mpaka Marekani, walikoanzisha nyumba nyingine. Sisi twaona hapa jambo la kutazamwa sana: nyumba iliyonyang'anywa enzi ikapata nguvu ya kwenda mbali kuliko ilipokuwa na enzi.

Sasa twaja Afrika. Mtu wa Uswisi, Andreas Amrhein, mtawa wa abasia ya Beuron katika Udachi, alikuwa na wazo ambalo wenzake wengi hawakulipenda. Alisema watawa wa Benedikto wawe wamisionari, kama walivyokuwa zamani wale walioipeleka Injili Uingereza na Udachi. Wakamjibu: mtu aliyeahidi kukaa nyumbani mwake mpaka kufa atakwendaje ng'ambo? Swali ni la haki, wala halikupata jibu jepesi. Hata hivyo mwaka 1884 Amrhein alianzisha nyumba yake katika Bavaria, na mwaka 1887 akaihamishia mahali paitwapo St. Ottilien. Mwaka uo huo Rumi iliwapa sehemu ya kusini ya nchi hii iwe shamba lao, na mwanzo wa 1888 wa kwanza wakashuka Dar es Salaam, wakapanda Pugu.

Waliishi Pugu mwaka mmoja tu. Wasomaji wetu wa Korogwe na Handeni wamesikia kwa wazee wao habari za vita vya Abushiri vilivyoanza Pangani mwaka 1888, Wadachi walipotaka kuitwaa pwani. Vita hivyo vilifika Pugu. Watawa walikuwa wamepokea watoto waliotolewa utumwani, na mbele ya wapiganaji Mdachi wa misioni na Mdachi wa kampuni walikuwa Wadachi tu. Tarehe 13 Januari 1889 nyumba ilishambuliwa. Mabruda wawili na sista mmoja waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, wakakombolewa kwa fedha baada ya wiki kadhaa. Abushiri mwenyewe alikamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Watawa hawakurudi kwao. Walijenga Dar es Salaam, kisha wakaenda kusini: Lukuledi mwaka 1895, Nyangao mwaka 1896, na mwaka 1898 wakafika Ungoni, mahali paitwapo Peramiho, yapata kilomita 24 magharibi ya Songea. Aliyeanzisha kituo cha Peramiho ni padre Cassian Spiss. Huyu alizaliwa mwaka 1866 katika St. Jakob, kijiji cha bonde la Arlberg, nchi ya Tirol, ambayo ni milima mitupu. Mtoto wa bonde la Alpi akawa mwenyeji wa Ungoni, akajifunza lugha ya nchi. Mwaka 1902 akafanywa askofu.

Hapa tunasimama kidogo, maana habari inayofuata ndiyo iliyotufanya tuandike somo hili.

Wangoni walikuwa na desturi ya kuwaheshimu mahoka, yaani roho za wazee wao, na kila mkuu alikuwa na nyumba ya matambiko. Miaka michache kabla ya vita vya Majimaji padre mmoja wa Peramiho aliichoma moto nyumba ya mahoka ya Nkosi Mputa Gama. Yeye alijiona kama Gideoni akiivunja madhabahu ya Baali. Lakini Gideoni alivunja madhabahu ya baba yake mwenyewe, katika mji wake mwenyewe, tena bila askari wa serikali karibu. Padre yule alikuwa mgeni, na nyuma yake ilisimama boma ya Songea yenye bunduki. Mputa hakuwa na mahali pa kushitaki. Tusiwe wepesi kuwahukumu Wakatoliki peke yao katika jambo hili, maana wamisionari wetu wa Kilutheri nao walikata miti ya matambiko na kudharau mambo ambayo hawakuyauliza kwanza. Mwenye kufundisha dini katika Uzigua na Usambara anajua kwamba hata leo mtu hulipiza dharau ya namna hii, kama si kwa mkuki, basi kwa kutorudi kanisani.

Mwaka 1905 vita vya Majimaji vilianza katika Umatumbi, sababu yake kubwa ikiwa mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Askofu Spiss wakati huo alikuwa ametoka pwani, akipita njia ya Kilwa na Liwale kwenda Peramiho, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Tarehe 14 Agosti 1905, mahali paitwapo Mikukuyumbu, karibu na Liwale, wote watano waliuawa. Lukuledi na Nyangao zikaharibiwa. Mwezi wa Septemba Wangoni wakainuka, na Peramiho ikachomwa moto. Kituo cha Kilutheri cha Yakobi katika Ubena nacho kilishambuliwa mwezi huohuo.

Malipo ya serikali yalikuwa makali kupita kiasi. Mashamba na maghala yalichomwa makusudi ili njaa ifanye kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Wadachi wenyewe walihesabu waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria kuwa walifika 250,000 au zaidi, wengi wao kwa njaa. Nkosi Mputa alikamatwa, akahukumiwa pamoja na wakuu wengi, akanyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906. Kabla ya kunyongwa, padre aliingia gerezani, na wengi wa wafungwa wale walibatizwa, na Mputa mmoja wao. Tufikiri nini juu ya ubatizo huo? Wako wasemao kwamba ni ushindi wa neema, kama yule mnyang'anyi msalabani. Na wako wasemao kwamba mtu aliyewekewa kamba shingoni hana uhuru wa kuchagua. Sisi hatuwezi kuona ndani ya moyo wa Mputa. Lakini jambo moja ni dhahiri: nyumba yake ya ibada ilichomwa kwanza, na nyumba ya watawa ilichomwa pili, na mwenye kusimulia ya pili pasipo kutaja ya kwanza hajasema kweli yote.

Watawa walirudi wakajenga upya, kama wenzao wa Engelberg baada ya moto. Mwaka 1906 walianzisha pia Ndanda, chini ya uwanda wa Makonde, mahali penye chemchemi ya maji mazuri. Kisha vita vikuu vya 1914 vikaja. Waingereza walipoitwaa nchi, mapadre na mabruda wa Kidachi walikamatwa, wakapelekwa kwao. Habari hii twaijua vema sisi wa Usambara, kwa sababu wamisionari wa Betheli waliotuletea Neno Mlalo na Vuga waliondolewa vilevile, na shirika zikabaki mikononi mwa walimu Waafrika, ambao walifundisha na kuzika wafu na kuyatunza makanisa bila mshahara. Vivyo hivyo kule kusini: makatekista ndio walioshika kazi.

Lakini Wabenediktini walikuwa na njia moja ambayo Betheli hawakuwa nayo. Baadhi yao walikuwa Waswisi, na Uswisi haikupigana na mtu. Waingereza waliwaruhusu. Basi mwaka 1922 Mswisi jina lake Gallus Steiger alifanywa mkuu wa misioni ya Lindi. Jina lake la kitawa ni la Gallus wa kale, yule mtawa wa Ireland aliyejenga kibanda chake porini katika Uswisi yapata mwaka 612, mahali ambapo baadaye palisimama abasia mashuhuri ya St. Gallen. Jina hilo lilifaa. Mwaka 1931 Peramiho na Ndanda zilitengwa, kila moja ikawa abasia yenye eneo lake, isiyokuwa chini ya askofu mwingine yeyote. Steiger akawa abate wa Peramiho, akapewa uaskofu mwaka 1934, akaongoza mpaka mwanzo wa miaka ya 1950. Hata vita vya pili vya dunia vilipokuja, na Wadachi wakakamatwa tena, Waswisi waliendelea na kazi.

Mtu aliyefika Peramiho hustaajabu. Ni kama mji. Kuna kanisa kubwa la matofali, lililojengwa katika miaka ya 1940, na hospitali, shule, karakana za maseremala na wahunzi, mashamba, na mtambo wa kupiga chapa uliosambaza vitabu vya Kiswahili nchi nzima. Bruda mmoja hujua ujenzi, mwingine umeme, mwingine kutengeneza viatu. Kila mmoja ana kijana wa kufundisha. Kengele hulia, kazi husimama, watu huenda kusali, kisha hurudi kwenye kazi. Sisi wa huku tulikuwa na mtambo wetu wa Vuga na maseremala wetu, na tuliona fahari. Lakini ukubwa wa Peramiho hatukuufikia, na sababu yake ni ile ahadi ya kukaa. Mmisionari wa Kilutheri alikuja na mke na watoto, akafanya kazi miaka yake, akarudi. Bruda wa Peramiho alikuja kuzikwa Peramiho. Hatusemi kwamba njia yake ni bora. Mchungaji mwenye nyumba na watoto huwafundisha watu jambo ambalo mtawa hawezi kulifundisha. Twasema tu kwamba kila njia ina mazao yake.

Hapa karibu nasi pia walifika watu wa kanuni hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19 Watrapisti, ambao huifuata kanuni ya Benedikto kwa ukali zaidi na kunyamaza kwingi, walikuja kutoka Mariannhill katika Natal, wakajenga Gare katika Usambara. Hawakukaa sana; wengine waliipokea kazi yao. Na karibu na Soni liko shamba la Sakharani, ambalo ni mali ya watawa wa Ndanda, lenye mizabibu. Jina la shamba hilo halina asili ya kitawa hata kidogo: Sakarani ni jina walilopewa na watu Kapteni Tom von Prince, askari wa Kidachi aliyepigana na Mkwawa, kisha akawa mwenye shamba Usambara, akafa katika vita vya Tanga mwezi wa Novemba 1914. Jina la mtu wa vita limebaki juu ya shamba la watu wa sala.

Turudi kwa Peramiho, maana limebaki jambo moja, nalo ni zito. Abate wa Peramiho, kama abate wa Engelberg zamani, alikuwa mkuu wa nchi nzima upande wa dini: parokia, shule, mapadre, vyote vilikuwa chini yake. Na ndani ya abasia watawa walikuwa wazungu. Kijana wa Kingoni au Kimatengo aliweza kuwa padre, aliweza kuwa fundi, lakini alipotaka kuwa mtawa wa Peramiho mlango haukufunguliwa. Sababu zilizotolewa zilikuwa nyingi, kama vile tofauti za chakula na desturi. Mwaka 1957 ndipo ilipoanzishwa Hanga, kaskazini ya Songea, iwe nyumba ya watawa Waafrika. Wengine husema ilikuwa hekima, kwa maana Waafrika walipata nyumba yao wenyewe wakaijenga kwa namna yao. Wengine husema ilikuwa ubaguzi uliovaa kanzu. Sisi twaona yote mawili yalikuwamo. Kanuni ya Benedikto yenyewe inamkataza abate kumtanguliza mwungwana mbele ya mtumwa kwa ajili ya kuzaliwa kwake. Watawa waliisoma sura hiyo kila mwaka, na mlango ukakaa umefungwa mpaka miaka ya 1980.

Enzi ya abasia iliondoka mapema kuliko ubaguzi huo. Mwaka 1969 ilifanywa dayosisi ya Songea, na askofu wake wa kwanza akawa James Komba, Mwafrika. Mwaka 1972 eneo la Ndanda likawa dayosisi ya Mtwara. Safari hii hapakuwa na majeshi ya Wafaransa; maabate waliyatoa kwa amani yale waliyokuwa nayo, wakabaki na nyumba yao, na kengele yao, na karakana zao. Hanga nayo ikakua. Mwaka 1979 ilianzishwa nyumba nyingine, Mvimwa, katika Ufipa, nayo ikapata kuwa abasia mwaka 2001. Peramiho na Ndanda zikafungua milango, vijana Watanzania wakaingia, wazungu wakazeeka na kuzikwa mmoja mmoja, na mwaka 2015 watawa wa Ndanda wakamchagua Placidus Mtunguja kuwa abate wao. Baada ya muda Peramiho nayo ikamchagua Mtanzania.